Protini Ianzie Sahanini

Nimekulia kwenye kibanda cha chakula. Mama yangu alikuwa mama lishe Keko, Dar es Salaam, na kibanda chake kilitazamana na ua ambamo vijana walinyanyua vyuma kila jioni. Miaka ile ya tisini hapakuwa na mashine. Vyuma vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la maji, giaboksi za magari mabovu, na benchi la mbao lililochongwa na mafundi seremala wa palepale mtaani. Walionyanyua walikuwa hao hao maseremala, makuli wa bandarini, wapiga debe, na vijana wachache waliojiandaa kwa ndondi. Mazoezi yakiisha wengi wao walivuka barabara jasho likiwatoka, wakakaa kwenye mabenchi ya mama, na mimi nikapakua.

Chakula kilikuwa kilekile cha mtaa mzima: ugali wa dona, maharage yaliyoungwa kwa nazi, dagaa waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, mchicha au matembele. Asubuhi palikuwa na supu ya kongoro na chapati. Siku ambazo mama aliwahi soko la samaki la Feri, palikuwa na vibua wa kukaanga. Hakuna aliyetaja protini. Walisema tu, "Mama, nizidishie mboga," naye akazidisha, maana alijua nani kabeba magunia tangu alfajiri.

Kiongozi wa ua ule tulimwita Mwalimu. Alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya ubaharia, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Kijana mgeni akifika, Mwalimu hakumuuliza anaweza kunyanyua kilo ngapi. Alimuuliza, "Leo umekula nini, mwanangu?" Akijibiwa chai ya rangi na andazi, alimwonyesha kibanda chetu: "Anzia kwa mama. Chuma hakikimbii." Vijana wengine walikasirika, wakaona wanacheleweshwa. Mimi niliyeshika upawa niliona mwisho wake: waliomsikia ndio waliodumu, na mabega yao ndiyo yaliyotanuka.

Leo mimi ni kocha wa mazoezi, na swali la Mwalimu ndilo ninaloanza nalo kwa kila anayekuja kwangu. Nimelibeba kwa sababu mambo yamegeuka. Zege imeondoka, mashine zimekuja, na pamoja na mashine yamekuja makopo makubwa meusi yenye picha za vifua vilivyochongwa. Kijana anaingia jimu kwa mara ya kwanza, hajajua hata kuchuchumaa na chuma mgongoni, lakini swali lake ni hili: "Kocha, nitumie protini gani?" Anamaanisha unga. Kwake protini imekuwa kitu cha dukani, chenye kifuniko na kijiko cha kupimia, na maharage ya nyumbani ni chakula cha kujaza tumbo tu.

Unga huo hauna siri. Ulio maarufu zaidi, wei, unatokana na maziwa. Maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, hubaki maji ya rangi ya manjano. Ndani ya maji hayo mna karibu asilimia 20 ya protini yote ya maziwa. Ile asilimia 80 nyingine, iitwayo kaseini, hubaki kwenye jibini. Viwanda huchuja maji hayo, huyakausha, huongeza ladha ya vanila au chokoleti, na kuuza unga unaopatikana. Kijiko kimoja cha gramu 30 hutoa kati ya gramu 20 na 25 za protini nzuri inayosagika upesi. Ni chakula kilichopunguzwa hadi kubaki kitu kimoja. Hapo ndipo penye nguvu yake na ndipo penye upungufu wake.

Mwili unahitaji kiasi gani? Mtu mzima asiyefanya mazoezi huwekewa kiwango cha chini cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa anayenyanyua vyuma, kazi ninayoitegemea zaidi ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo. Robert Morton na wenzake walikusanya tafiti 49 zenye washiriki 1,863, wakaona kwamba protini ya ziada husaidia misuli kukua hadi kufikia takriban gramu 1.6 kwa kilo. Ukipita hapo, kwa wastani, faida haionekani tena. Kijana wa kilo 70, basi, anahitaji kama gramu 112 kwa siku.

Nilipoielewa hesabu hiyo, nilirudi kwa mawazo kwenye sufuria za mama na kupima upya nilichokuwa nikipakua. Dagaa wakavu ni protini kwa kiasi cha asilimia 60, kwa hiyo gramu 30 tu kabla ya kupikwa zina kama gramu 18. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Ugali wa dona uliopikwa kwa gramu 200 za unga una kama 16. Sahani ile ya jioni ilikuwa na gramu zinazokaribia 50, sawa na vijiko viwili vya kopo. Mwalimu hakuwa na mizani ya maabara, lakini alikuwa akiwaelekeza vijana wake mahali sahihi.

Nakumbuka kijana mmoja wa bodaboda niliyemfundisha Temeke. Alikuwa na nidhamu ya ajabu. Hakukosa mazoezi, na alilala mapema kuliko rafiki zake. Lakini uzito haukupanda. Alikuwa amenunua kopo la kilo 2.27 kwa shilingi laki mbili na nusu, na ili fedha itoshe alikuwa ameacha kula mchana. Nilimwomba aandike kila alichokula kwa wiki nzima. Tulipokaa na lile daftari, siku zake nyingi zilikuwa hivi: chai na maandazi asubuhi, kijiko cha unga katika maji baada ya mazoezi, chipsi usiku. Pamoja na unga wote ule, jumla yake haikuvuka gramu 60.

Tulikwenda Tandika sokoni tukiwa na daftari hilohilo. Bei za siku ile ndizo zilizomfungua macho. Kopo lake lilikuwa na kama gramu 1,700 za protini, hivyo kila gramu ilimgharimu takriban shilingi 147. Trei ya mayai 30 kwa shilingi 10,000 ina kama gramu 180. Kila gramu ilikuwa shilingi 56. Kilo ya dagaa wakavu kwa shilingi 15,000 ilifanya gramu moja iwe shilingi 25. Maharage ya shilingi 3,500 kwa kilo yalishuka hadi 17. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, kocha, nimekuwa nikijinyima chakula ili ninunue chakula?" Nilimwambia ndivyo ilivyokuwa.

Mpango tuliouandika haukuwa na kitu kigeni. Asubuhi mayai mawili, chapati na glasi ya chai ya maziwa: kama gramu 26. Mchana wali kwa maharage na glasi ya mtindi: 31. Alasiri konzi ya karanga: 7. Usiku ugali, dagaa, maharage na mboga ya majani: 48. Jumla ni 112, ile ile anayoihitaji mtu wa kilo 70, na hapakuwa na kijiko cha unga hata kimoja. Miezi michache baadaye mapaja na mgongo wake vilikuwa vimebadilika, na chuma kilichokuwa kikimshinda akawa anakinyanyua mara nane bila kupumzika. Maharage hayakufanya muujiza. Kijana alianza kula mara tatu kwa siku, akapata wanga wa kumtia nguvu mazoezini na protini ya kujenga baada yake.

Wapo wanaosema protini ya mimea ni dhaifu. Wana hoja, na inafaa kuijibu kwa uangalifu. Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini tele, lakini yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivila pamoja, kimoja hujaza pengo la kingine. Bibi zetu wa Upareni na Usambaani waliokoroga makande hawakuhitaji kuzijua asidi hizo kwa majina. Ukiongeza dagaa kidogo, yai au mtindi, hoja ya udhaifu inakwisha kabisa.

Tena chakula kizima huja na vitu vingi ambavyo kopo limeviacha kiwandani. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtu kalisi. Maharage yana nyuzinyuzi na madini ya chuma. Ukiyaloweka usiku kucha na kuyala pamoja na nyanya au ndimu, mwili hukipata chuma hicho vizuri zaidi. Nyama na samaki wana kreatini, kitu kilekile kinachouzwa katika kopo lingine pembeni ya kopo la protini. Hata yai limetufundisha jambo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapa vijana waliomaliza kunyanyua vyuma gramu 18 za protini, mara moja kutoka mayai mazima na mara nyingine kutoka ute mweupe peke yake. Kiasi cha protini kilikuwa sawa, lakini mayai mazima yalichochea ujenzi wa misuli zaidi. Ninapomwona kijana akimwaga kiini ili abaki na ute, humsimulia utafiti huo kabla hajavunja yai la pili.

Nimewasikia pia wanaokimbilia chupa zao mara tu wanapoweka chuma chini, wakiamini kwamba nusu saa ikipita jasho lao limepotea bure. Mwaka 2013 Brad Schoenfeld na wenzake walizipitia tafiti za jambo hilo. Jumla ya protini ya siku ilipozingatiwa, faida ya kuharakisha ilitoweka. Makuli wa Keko waliooga kwanza, wakavaa kanzu, wakaswali Magharibi ndipo wakaja kula kwa mama, hawakupoteza kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa jirani zetu. Mwaka 2004 Vincent Onywera, msomi wa Kenya, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kila walichokula wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu wakiwa kambini. Asilimia 86 ya chakula chao ilitoka kwenye mimea, na wanga ulichukua zaidi ya robo tatu ya nguvu zote. Protini ilikuwa kama gramu 1.3 kwa kilo. Ni kweli kwamba mkimbiaji si mnyanyua vyuma, na mahitaji yao hutofautiana kidogo. Lakini watu waliokuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani walijengwa na ugali, maharage, mboga, chai ya maziwa na nyama kidogo. Sisi tunaokula vyakula hivyo hivyo tunaviona duni kwa kosa gani?

Liko pia suala la uaminifu wa kopo lenyewe. Protini katika chakula kwa kawaida hupimwa kwa kuhesabu naitrojeni, kwa njia aliyoivumbua Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883. Kipimo hicho hakiulizi naitrojeni imetoka wapi. Mwaka 2008 wafanyabiashara wa China waliongeza melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, katika maziwa yaliyotiwa maji ili yaonekane yana protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, na 6 walikufa. Katika unga wa mazoezi hila huwa ndogo kuliko hiyo: mtengenezaji huongeza asidi amino za bei rahisi, kama glisini, na karatasi ya kopo ikaonyesha protini nyingi kuliko inayojenga misuli kweli. Nchini Marekani, zinakotoka nyingi ya bidhaa hizi, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho vya ziada kuingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza na serikali. Kwetu Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Anayenunua kopo aulize kama limesajiliwa huko, aangalie tarehe na lakiri ya kifuniko, na akatae unga unaopimwa na kufungwa upya katika mifuko.

Tumbo nalo lina neno lake. Vijana wengi wameniambia kwamba unga huwajaza gesi na kuwaharisha. Kwa wengi sababu ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo sehemu kubwa ya watu wazima duniani hawaisagi vizuri. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwa wamepima watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa kwetu zina mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Asiye na urithi huo ajaribu mtindi, ambamo bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Akishindwa kabisa, choroko, kunde, samaki na mayai havina laktosi.

Pamoja na hayo yote, unga una mahali pake, na nimeuona ukifanya kazi njema. Shangazi yangu aliugua muda mrefu, akakonda, na akawa hawezi kumeza chakula kigumu. Mtaalamu wa lishe hospitalini alituelekeza kumchanganyia unga wa protini ya maziwa katika uji wa ulezi, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Nguvu zilirudi taratibu, akasimama, akatembea hadi mlangoni. Mzee huhitaji protini zaidi ya kijana asiyefanya mazoezi, kati ya gramu 1.0 na 1.2 kwa kilo, ilhali hamu ya kula na meno vimempungua. Kwa mtu kama huyo kijiko cha unga ni msaada wa kweli. Kadhalika muuguzi wa zamu ya usiku asiye na nafasi ya kupika, dereva wa lori aendaye Tunduma, au mnyanyua vyuma aliyefunga Ramadhani ambaye saa zake za kula ni chache kati ya futari na daku. Kwa mtu mwenye figo nzima, viwango vya protini nilivyovitaja havijaonyeshwa kumdhuru. Mwenye ugonjwa wa figo amsikilize daktari wake kabla ya kuongeza chochote, kiwe cha kopo au cha sufuria.

Chakula chetu nacho kinataka uangalizi. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mama alikuwa akimwaga karanga kwenye ungo na kuzichambua moja moja, akitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, hata kama kilo ilipungua na faida ikapungua nayo. Nami hununua karanga nzima, wala si zilizosagwa na mtu nisiyemjua, na huzichambua kama alivyofanya. Kuchagua chakula kizima ni kazi; anayekitetea aifanye kazi hiyo.

Miaka ya sufuria na miaka ya jimu imenifundisha mpangilio mmoja. Kwanza kula mara tatu, bila kuruka. Pili kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: maharage, choroko, kunde, dagaa, yai, maziwa, nyama ukiipata. Tatu wanga wa kutosha, kwa sababu mwenye njaa hanyanyui. Nne usingizi. Ukishayafanya hayo yote kwa miezi na hesabu bado haijatimia, ndipo kopo lina nafasi. Anayeanza na kopo anaezeka paa kabla ya kujenga ukuta.

Kwa makocha wenzangu nina ombi. Wengi wetu tunapewa kamisheni kwa kila kopo linalouzwa, na najua mshahara wa jimu ulivyo. Lakini kijana anayekuamini kwa mwili wake anakuamini pia kwa mfuko wake. Muulize alichokula kabla hujamuuzia.

Nawe unayenyanyua vyuma, au unayetaka kuanza: usiku wa leo chukua karatasi, andika kila ulichokula tangu asubuhi, na ujumlishe gramu zake. Ukikuta pengo, kesho pita sokoni kabla ya kupita dukani.